Kuhuisha au Kujongeza? Istilahi za Picha Zinazotiwa Mwendo kwa Mashine

Katika miaka michache iliyopita limezuka jambo katika uwanja wa picha ambalo lugha yetu bado haijaliwekea maneno ya kutosha. Mtu huandika sentensi moja au mbili akieleza picha anayoitaka, na mashine humtolea picha hiyo ikiwa tayari, bila ya kamera wala kalamu. Kisha huichukua picha hiyo ya mnato na kuitia katika programu nyingine, na baada ya muda mfupi hupata video ya sekunde nne, tano au kumi. Tanga la jahazi linajaa upepo, buibui linapepea, watu wa Forodhani wanatembea. Kazi hii inaweza kufanywa leo kwa simu ya mkononi, na mazao yake yanafaa kwa matangazo ya utalii, kwa masomo ya skuli na, kwa bahati mbaya, kwa udanganyifu pia.

Mfasiri anayekutana na maandishi yanayohusu kazi hii hukabiliwa na masuala matatu. Kitu chenyewe kiitweje? Kitendo cha kukifanya kiitweje? Na maelezo yanayowekwa chini ya picha yaandikweje ili msomaji asipotoshwe? Madhumuni ya makala haya ni kuyajadili masuala hayo na kutoa mapendekezo. Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba maneno tunayoyataja hapa ni mapendekezo ya kujadiliwa, si istilahi zilizokwisha kusanifiwa.

Picha hupigwa, huchorwa, na sasa huundwa

Kiswahili kina bahati ya kuwa na vitenzi viwili vinavyotenganisha asili mbili za picha. Picha ya kamera hupigwa, na picha ya mkono huchorwa. Asemaye "picha hii imepigwa Malindi" amekwisha kutuambia kwamba palikuwa na mtu, palikuwa na kamera, na mbele ya kamera palikuwa na kitu cha kweli kilichopokea mwanga. Asemaye "picha hii imechorwa" hatoi ushahidi huo, nasi hatumdai.

Katika Mji Mkongwe kazi ya kupiga picha ina umri mrefu. A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja katika karne ya 19, ndugu wa Coutinho nao walifanya kazi hiyo, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio. Jina la mpiga picha likiandikwa chini ya picha lilikuwa ni aina ya ushahidi. Lilimaanisha kwamba fulani alisimama mahali fulani na akakiona kitu hiki.

Picha inayotolewa na mashine kwa kufuata maandishi haiingii katika vitenzi hivyo viwili. Haikupigwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu mbele ya kamera. Haikuchorwa, kwa kuwa hapana mkono uliovuta mstari. Hapo ndipo kitenzi kuunda kinapofaa. Kitenzi hiki hakihitaji kuazimwa mbali. Mafundi wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, huunda majahazi, na kila mwana wa pwani anafahamu kwamba kuunda ni kukusanya vipande vingi na kuvifanya chombo kimoja ambacho hapo awali hakikuwapo. Mashine nayo imefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizopigwa na kuchorwa na watu, na kutokana na mafunzo hayo hutoa picha moja ambayo hapo awali haikuwapo. Kwa hiyo tunapendekeza picha ya aina hii iitwe picha unde.

Umbo hili lina faida nyingine, nayo ni kuafikiana na akili unde, mojawapo ya maneno matatu yanayotumika kwa ajili ya elimu hii, pamoja na akili bandia na akili mnemba. Hatukusudii kuamua hapa ni lipi kati ya matatu hayo lishike. Tunaonesha tu kwamba neno bandia humfanya msikilizaji afikirie hila hata pale pasipo na hila, na kwamba Mnemba kwa mtu wa Matemwe ni jina la kisiwa anachokiona kila asubuhi akitoka ufukweni. Mwalimu wa huko atakayefundisha akili mnemba hana budi kuanza kwa kueleza kwamba hazungumzii kisiwa.

Namna mwendo unavyopatikana

Istilahi nzuri haitungwi kabla ya kukifahamu kitu chenyewe. Hebu basi tueleze kwa ufupi namna picha ya mnato inavyogeuzwa kuwa video.

Kila picha jongefu, tangu sinema za zamani hadi video za leo, ni mfululizo wa picha za mnato zinazopitishwa mbele ya jicho kwa haraka. Mwaka 1878 huko California, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa mstari, farasi akapita mbele yake, na kila kamera ikapiga hatua moja ya mbio zake. Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wa Lumière walionesha filamu zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris. Kila picha moja katika mfululizo huo mafundi huiita fremu, na neno hilo limekwisha kuzoeleka, hivyo hatuoni haja ya kulibadilisha. Sinema hupitisha fremu 24 kwa sekunde, na televisheni yetu hupitisha 25. Katika filamu iliyopigwa, kila fremu ilipokea mwanga wa kitu kilichokuwapo. Katika katuni, kila fremu ilichorwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Katika njia mpya mambo ni mengine. Mashine imetazama video nyingi mno na kujifunza namna vitu vinavyojongea kwa kawaida, yaani maji huchezaje, nguo hupepeaje, mtu hugeukaje. Hupewa picha moja, nayo huifanya fremu ya mwanzo au kielelezo cha fremu zote. Fremu zilizobaki huanza zikiwa zimejaa nukta zisizo na mpango wowote. Watazamaji wa televisheni, nasi katika Unguja tunayo tangu mwaka 1973, wanazijua sana nukta hizo kwa jina la chenga, kama chenga za mchele, zile zinazojaa katika kioo pindi mawimbi yakikosekana. Mashine huziondoa chenga hizo hatua kwa hatua, ikizitazama fremu zote kwa pamoja ili zipatane, mpaka sura zikajitokeza. Mtaalamu asitafute neno la kigeni hapa, kwa maana chenga ni neno lenye maana ileile, na watu wanalo tayari. Kitendo chenyewe kiitwe uondoaji chenga.

Uwezo huu umekua kwa kasi. Programu ya DALL-E ya kuunda picha kutokana na maandishi ilitangazwa Januari 2021, na Stable Diffusion ikatolewa kwa umma Agosti 2022. Novemba 2023 ilifuata Stable Video Diffusion, ambayo kwa picha moja ilitoa fremu 14 au 25 tu. Miezi mitatu baadaye, Februari 2024, kampuni ya OpenAI ilionesha Sora, yenye uwezo wa kutoa video ya hadi dakika moja.

Tufanye hesabu ndogo. Video ya sekunde 4, kwa kipimo cha televisheni, ina fremu 100. Ikiwa ilianza kwa picha moja, basi fremu 1 imetolewa na mtu na fremu 99 zimekisiwa na mashine. Ukisio huo aghlabu hupendeza, lakini ni ukisio. Ndiyo sababu mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe unaweza kuanza na idadi moja ya misumari ya shaba na kuishia na idadi nyingine. Ndiyo sababu pia ngalawa inaweza kupoteza mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, huku ikiendelea kwenda kana kwamba hapana lililotokea. Mashine inajua mwendo ulio wa kawaida katika video ilizofunzwa, na haina habari ya ngalawa hii wala ya mlango huu.

Tatizo la neno kuhuisha

Kwa kitendo cha kuitia picha mwendo, neno lililokwisha kuenea katika vitabu na programu za kompyuta ni kuhuisha, na kazi yenyewe huitwa uhuishaji. Watungaji wake walikuwa na sababu, kwani neno linalotumika katika lugha kadha za Ulaya lina maana ya kutia uhai, nao wakaifuata maana hiyo. Hata hivyo tunaona kwamba katika muktadha huu neno hili lina kasoro mbili, ndogo na kubwa.

Kasoro ndogo ni ya hisia. Kuhuisha ni kupa uhai, na kwa Waislamu, walio wengi katika visiwa hivi, Mwenye Kuhuisha ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Wapo watakaosita kulitumia kwa kazi ya mashine, hasa pale picha inapokuwa ni ya marehemu. Hatuifanyi hoja hii kuwa nguzo. Lugha yetu husema kufufua kiwanda na kufufua chama, na hapana anayedhani kwamba kimetendwa kitendo cha Muumba. Watu hutenganisha maana kwa muktadha.

Kasoro kubwa ni ya utata, na hii ndiyo inayomhusu mtumishi wa Serikali. Katika maandishi ya ofisi zetu, kuhuisha maana yake ni kufanya upya au kurudisha katika hali nzuri. Tunahuisha sera, tunahuisha mikataba, tunahuisha taarifa. Sasa tuchukue mfano. Ofisi yenye picha za kale inaandikiwa barua isemayo: "Tunaomba idhini ya kuhuisha picha 40 za karne ya 19." Mpokeaji atafahamu nini? Huenda akafahamu kwamba picha zitasafishwa, mikwaruzo iondolewe na rangi zilizofifia zirudishwe, yaani kazi ya kuhifadhi. Lakini huenda mwandishi amekusudia kwamba watu waliomo katika picha watafanywa wapepese macho, wageuze shingo na kutabasamu. Kazi ya kwanza inajaribu kuirudisha picha karibu na ilivyokuwa, na ya pili inaiongezea mambo ambayo hayakuwamo. Idhini ya moja si idhini ya nyingine, nalo neno ni lilelile.

Mfano huu haukutoka hewani. Februari 2021 kampuni ya MyHeritage ilianzisha huduma iitwayo Deep Nostalgia, ambayo huzifanya nyuso zilizomo katika picha za zamani zijongee. Mwendo ule hautoki katika picha. Hutolewa katika video za watu wengine zilizorikodiwa mapema, kisha ukahamishiwa katika uso wa marehemu. Kwa maneno mengine, uso ni wa babu lakini kupepesa macho ni kwa mtu mwingine. Kuliita jambo hili kumhuisha babu ni kusema zaidi ya kilichotendeka.

Milingoti ya Glasgow

Uzito wa jambo hili unaonekana vyema zaidi tukiitazama picha ya kihistoria ya bandari yetu.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga Beit el Hukm na majumba mengine ya Sultani yaliyokuwa pwani ya Mji Mkongwe, ili kumtoa Khalid bin Barghash katika kiti. Shambulio halikufika saa nzima, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa palepale bandarini. Kwa kuwa maji hayakuwa na kina kikubwa, milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Sinema wakati ule ilikuwa na umri wa miezi minane tu. Picha za masalia ya siku ile zinazojulikana ni za mnato, na baadhi yake zinaionesha milingoti hiyo.

Mtu mwenye nia njema, tuseme mwalimu wa historia, akiitia picha kama hiyo katika programu ya kujongeza, itatokea nini? Mashine itaona milingoti juu ya bahari. Katika video ilizofunzwa, milingoti juu ya bahari ni alama ya chombo kinachokwenda. Basi ni rahisi mno kwa mashine kuifanya meli iliyozama ianze safari. Mwanafunzi atakayeiona video hiyo bila ya maelezo atajifunza kinyume cha yaliyotokea, na atajifunza kwa macho yake mwenyewe, na jambo lililojifunzwa kwa macho ni gumu kusahihishwa.

Tukiiambia darasa kwamba picha "imehuishwa", tumewafahamisha wanafunzi kwamba uhai uliokuwamo umerejeshwa. Tukiwaambia kwamba picha "imejongezwa kwa mashine", tumewafahamisha kwamba mwendo umetiwa kutoka nje. Tofauti ya kitenzi kimoja hapa ni tofauti ya somo zima.

Hoja kwa ajili ya kujongeza

Waandishi wa habari na maofisa wa habari wa Tanzania wamekwisha kuzoea jozi ya maneno picha mnato na picha jongefu, wengine wakiandika jongevu au mjongeo. Picha mnato ni ile iliyonata, haiendi, na picha jongefu ni ile inayojongea. Jozi hii ni ya Kiswahili halisi, na ndani yake kimo tayari kitenzi tunachokitafuta. Kuifanya picha mnato kuwa picha jongefu ni kuijongeza, kazi yenyewe ni ujongezaji, na anayeifanya ni mjongezaji. Hatutungi neno jipya, ila tunalinyambua lililopo.

Pingamizi zipo, na ni haki kuzitaja. Ya kwanza ni kwamba kujongea katika mazungumzo ya Unguja ni kusogea karibu. Humwambia mtu "jongea hapa" tukimtaka aje upande wetu. Je, kujongeza picha hakutafahamika kuwa ni kuisogeza karibu? Tunajibu kwamba kuisogeza picha karibu katika kioo watu wamezoea kukuita kuvuta, na kwamba picha jongefu imekwisha kulipanua neno hili likubali maana ya mwendo wowote. Pingamizi la pili ni kwamba watu wa kawaida wataliona neno kuwa la kiofisi. Kwao yatosha kusema kutia picha mwendo, maneno yanayofahamika mara moja, na istilahi ibakie kwa mahitaji ya kitaalamu. Wengine wamependekeza kuchezesha, lakini video "huchezeshwa" inapofunguliwa itazamwe, na utata ungerudi kwa mlango wa nyuma.

Neno uhuishaji si lazima lifutwe. Linaweza kuachiwa kazi ya kurudisha picha zilizochakaa katika hali nzuri, ambayo inaafikiana na matumizi ya ofisi, na kwa filamu zinazochorwa fremu kwa fremu liendelee kwa wale waliokwisha kulizoea, sambamba na katuni.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza maneno yafuatayo:

Picha unde: picha iliyotolewa na mashine kwa kufuata maelezo, isiyopigwa wala kuchorwa na mtu.

Agizo: maandishi anayopewa mashine ili iunde au ijongeze picha. Wingi wake ni maagizo.

Chenga: nukta zisizo na mpango ambazo mashine huanza nazo. Uondoaji chenga: kuzipunguza nukta hizo hatua kwa hatua mpaka picha itokee.

Fremu ya mwanzo, fremu ya mwisho: picha mbili ambazo mjongezaji huweza kuipa mashine ili ikisie zilizo baina yake. Kazi ya kuzikisia iitwe ujazaji wa fremu.

Kujongeza: kuifanya picha mnato kuwa picha jongefu. Ujongezaji: kazi hiyo.

Video unde: video ambayo fremu zake, zote au takriban zote, zimekisiwa na mashine.

Video ghushi: video unde iliyofanywa kwa makusudi ya kudanganya. Si kila video unde ni ghushi, na mfasiri asiyachanganye maneno haya mawili. Mtangazaji wa utalii anayesema wazi kwamba jahazi lake limeundwa hakughushi kitu.

Mwisho, tungependa kuwakumbusha wahariri na walimu juu ya maelezo yanayowekwa chini ya picha. Desturi ya kuandika "Picha na fulani" ilitosha zama za Gomes na Oza, kwa kuwa kiunganishi na kilikuwa na tafsiri moja tu. Siku hizi hakitoshi, kwa maana kinaficha iwapo fulani alipiga, alichora, au aliandika agizo. Tunashauri kitenzi kitajwe daima, na kila hatua iwe na kitenzi chake. Kwa picha iliyoanza katika kamera: "Picha mnato ilipigwa mwaka 1896. Imejongezwa kwa mashine." Kwa picha iliyoanza katika agizo: "Picha imeundwa na kujongezwa kwa mashine." Maneno hayo hayazidi mstari mmoja, nayo humpa msomaji kila anachohitaji ili apime anachokiona.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaokutana na maneno haya katika kazi zao watuandikie, hasa wale walio na neno jingine linalotumiwa na mafundi wa video wa mitaani, Darajani, Michenzani, au popote pengine. Mafundi hao aghlabu hutangulia kukipa kitu jina kabla haijafika zamu yetu ya kuketi na kulijadili.